Vikombe vya Wageni

Usiku wa jana niliota uvungu wa kitanda changu unapiga hodi. Nikasema karibu, maana nimelelewa hivyo, nikajuta papo hapo.

"Nimetumwa na kabati," uvungu ukasema. "Unaitwa stoo. Ni habari ya mama yako."

Mama anaishi kwangu tangu mwaka juzi, miguu ilipomchoka. Na juzi wifi yangu Mwanahija alinisomea kwenye simu mambo ya feng shui, ile elimu ya Wachina ya kupanga nyumba: ati kila mahali unapohifadhi vitu pana maana yake, upande wa mashariki ni wa familia, na kitu kisichotumika mwaka mzima kinaziba nishati ya nyumba. Nikamwambia nishati ya nyumba hii ni mkaa, na umelowa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sasa ndotoni sicheki. Nafungua mlango wa chumbani, natokea stoo, na stoo imekuwa kubwa kama ukumbi wa harusi. Kabati la vyombo limekaa kitini, limevaa miwani.

"Upande wa mashariki umeweka nini?"

"Madumu matupu na feni mbovu."

"Basi familia yako ndiyo hiyo."

Feni ikaniamkia, "Shikamoo, shangazi." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

"Na mama yako, anatumika?"

"Mama ni mtu, hatumiki!"

"Mara ya mwisho umemuuliza kitu lini? Achana na 'umekula' na 'umemeza dawa'."

Nikafikiri mpaka jasho likanitoka. Wallahi niliogopa, maana jibu nilikuwa nalijua.

"Kisichotumika mwaka mzima kinawekwa," kabati likasema, wala halina hasira. Likafungua mlango wake. Rafu ya juu kuna vikombe vyangu vya wageni, vile vya ukingo wa dhahabu. Rafu ya chini amekaa Mama, amekunja magoti, kazungushiwa naftalini. Na anapungua. Nikipepesa macho amekuwa kama mtoto. Nikipepesa tena, kama birika.

"Mtoeni!" nikapiga kelele.

"Humu tunatoka akija mgeni," vikombe vikajibu kwa pamoja. "Kwani yeye mgeni?"

"Ni mama yangu!"

"Ndiyo maana unamnywesha chai kwenye kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono."

Mlango unajifunga polepole. Mama anaenea kiganjani sasa, ananitazama tu, halalamiki, na hilo lilinitisha kuliko yote. Nikaingiza mkono kwenye upenyo, nikauliza swali la kwanza lililonijia: "Mama, ulipokuwa msichana ulikuwa unapenda chai gani?"

Akafungua mdomo ajibu. Mlango ukanibana vidole, nikaamka.

Kumekucha. Nikakimbilia chumbani kwake hata kanga sijajifunga. Yuko kitandani, mzima, kimo chake kilekile. Nikalia palepale mlangoni. Kisha nikaenda kabatini, nikatoa kikombe kimoja cha ukingo wa dhahabu, nikakiosha vumbi, nikampikia chai ya tangawizi kama ninavyompikia siku zote.

Alipokiona kikombe akavuta mtandio haraka ajisitiri. "Mwatumu mwanangu, tuna mgeni gani?"

"Hatuna mgeni, Mama. Hicho chako."

Akakigeuzageuza mikononi. Akanywa funda moja.

"Nzuri," akasema. "Lakini ulivyoniuliza, mlango ukafungwa sijakujibu. Nilikuwa napenda ya mdalasini."