Faili la Mjukuu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya studio iliandika kwenye kioo: faili limeharibika. Mpiga picha akauondoa ujumbe, akajaribu tena, akaandikiwa yale yale.

Nyuma yake, kwenye kiti cha wateja wa picha za pasipoti, alikaa mama yake na mkoba mapajani. Saa tano alitakiwa hospitali kwa upasuaji wa jicho la kushoto. La kulia lilikwisha kuzimwa na presha ya macho mwaka uliopita. Daktari alisema upasuaji ungesaidia kulinda uoni uliobaki. Alipoulizwa kama ana hakika, hakuahidi. Kwenye simu mama hakuona kitu ila mwanga. Picha kubwa ya karatasi, akiisogeza karibu na pua, aliiona. Na mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa jana, mji mwingine.

Baba wa mtoto, kitinda mimba wa nyumba yao, alituma picha tatu kwa barua pepe, kama dada yake, mpiga picha, alivyomfundisha: faili halisi, lisilopunguzwa. Mpiga picha alizipokea kama alivyopokea kazi zote kwa miaka kumi na minne. Alifuta jina lililokuja nazo, akaandika la mteja, na mwishoni akaweka jpg, kwa sababu programu yake ya kuchapia, ya zamani kama studio yenyewe, haikutaka kusikia kitu kingine.

Alimpigia mdogo wake, akamwambia mtandao wake umezikata picha, azitume upya. Zikaja, zikapewa jina, zikagoma. Mara ya tatu mdogo mtu alikuwa amechoka.

"Dada, kwangu zinafunguka. Mtoto yupo, na miayo yake yote."

"Basi simu yako mpya ndiyo mbovu."

"Nikurudishie ile uliyoniuzia, iliyokuwa ikipiga picha za ukungu?"

Dada mtu akakata bila kuaga. Ilikuwa saa tatu na robo.

Mama akamtaka aeleze alichofanya tangu barua pepe ilipoingia, hatua kwa hatua, bila kuruka. Alikuwa ametoa dawa kwenye dirisha la hospitali kwa miaka thelathini na moja, na ndivyo alivyowauliza waliorudi kulalamika. Binti akaeleza huku akibofya. Alipofika kwenye jina, mama akainua mkono.

"Mwishoni palikuwa pameandikwaje?"

"Heic. Sijui ndiyo nini. Nikaweka jpg."

"Umebandua lebo, mwanangu."

"Mama, ni herufi tu."

"Lebo nayo ni herufi tu. Ukiibadilisha, dawa chupani inabaki ile ile. Anayedanganyika ni msomaji. Rudisha."

Akarudisha. Safari hii kompyuta haikusema faili limeharibika. Ilisema aina hii ya faili haijulikani. Mpiga picha aliyasoma maneno hayo kwa sauti, mara mbili. Picha zilikuwa nzima. Programu yake ndiyo iliyotengenezwa kabla aina hiyo haijakuwepo.

Fundi wa kompyuta aliyeitwa Dakika Mbili, kwa kuwa hakuwahi kumaliza kazi chini ya saa mbili, alikuwa amemwekea programu mpya ya picha mwezi uliopita. Mpiga picha hakuigusa; alimwambia fundi hayo ni mambo ya vijana. Sasa aliitafuta pembeni mwa kioo, akaliburuza faili hadi juu yake.

Mtoto akatokea, akipiga miayo, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

Mpiga picha alihifadhi nakala kama jpg, ya kweli safari hii, akaipeleka kwenye programu ya zamani. Ikafunguka. Akapandisha mwanga kidogo, akachapa kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Printa ilichukua dakika sita.

Mama aliishika picha karibu na jicho, akaisoma polepole kuanzia kona ya juu, kama alivyokuwa akisoma mwandiko wa madaktari.

"Masikio ya baba yenu," alisema. "Maskini."

Binti akampigia tena mdogo wake. Hakuomba radhi, alimwambia simu yake ni nzima, atume na nyingine.

Saa tano kasoro dakika nane waliingia hospitali. Nje ya chumba cha upasuaji muuguzi aliorodhesha vitu vya mgonjwa: miwani, mkoba, viatu, saa ya mkononi. Alipofikia picha, mama aliomba iwe ya mwisho. Saa tano na dakika ishirini na mbili muuguzi aliipokea, akamkabidhi binti, akasukuma kitanda ndani, na mlango ukafungwa.