Mikasi Yetu Duni

Bosi wangu, Mzee Tsukahara, hawezi kuandika barua bila kuanza na hali ya hewa. Mteja akiuliza bei, kwanza apewe habari za mvua za Juni. Halafu aombwe radhi. Halafu aombwe radhi kwa kuombwa radhi. Kazi ya kuzigeuza barua hizo ziwe Kiingereza ni yangu, mwaka wa ishirini na mbili huu, hapa kwenye karakana yetu ya mikasi ya vinyozi mjini Seki, Japani.

Safari hii nilimwambia wazi. "Bosi, Bi Ragnhild yuko Norwei. Anataka mikasi mia sita, hataki mvua."

"Bi Kinuyo, tusikose adabu."

Nikaichukua barua. Sote tulijua kwamba tukiikosa oda ile, karakana inafungwa mwisho wa mwaka. Nikatafsiri kila kitu, mpaka pale aliposema tunathubutu kumletea mikasi yetu duni, isiyostahili mikono ya vinyozi wake.

Jibu lilikuja kesho yake. Nikalisoma kwa sauti.

"Poleni na mvua. Lakini kama mikasi ni duni, mbona mnaniuzia? Na radhi ni ya nini, kuna kitu kimeharibika? Nijibuni leo, la sivyo nanunua kwingine."

Bosi akajishika kichwa. "Sasa tufanyeje? Tumwombe radhi?"

"Thubutu!" ikanitoka. "Ukimwomba radhi tena huyu mama, naumeza huo muhuri wako wa kugongea barua!"

Nikakaa kwenye kompyuta. Mzee Ogata, mnoaji wetu wa miaka sabini na mmoja, alikuwa pembeni na aproni yake, anajifanya amefuata chai.

"'Mikasi yetu ni mizuri,'" nikasoma huku naandika. "Kweli au uongo, bosi?"

Akawa mwekundu mpaka masikio. "Mtu hasifii vyake, bwana!"

"Nimeuliza, kweli au uongo?"

"Kweli."

"'Mkasi mmoja unakata miaka ishirini.' Kweli?"

"Ishirini na mitano," akasema, macho sakafuni.

"'Anayeinoa hana mpinzani nchi nzima.'"

Hapo akaugeuzageuza muhuri mkononi, mpaka nikaona nimeharibu. Mzee Ogata kafanya kazi pale miaka arobaini na mmoja. Kila mkasi aliouleta, bosi aliuinua kwenye mwanga, akaguna, akauweka kwenye boksi. Basi.

"Kweli," akasema bosi. "Andika."

Mzee Ogata alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, chai ikamwagikia viatu vyake, naye anaendelea kumimina.

Tukaichapisha barua, tukaigonga muhuri, tukaipiga picha, tukaituma. Kabla ya kufunga kazi Norwei ikajibu: "Hapo sawa. Leteni mia nane." Nikaruka, nikampiga bosi kofi la bega, Mungu anisamehe.

Mzee Ogata hakuruka. "Bi Kinuyo, naweza kupata nakala? Kwa lugha yetu, lakini."

"Hiyo nitaandika mimi," akasema bosi.

Akajifungia ofisini na brashi yake ya kuandikia saa nzima. Akatoka na karatasi tatu, akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili, akaondoka mbio. Mzee Ogata hakuwa na miwani, akanipa nimsomee. Ya kwanza ilikuwa mvua tupu. Ya pili, radhi juu ya radhi, nikaanza kupandwa na hasira. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili.

"Mikasi yako ni mizuri. Nisamehe, nimechelewa kukwambia."

"Nisomee tena," akasema Mzee Ogata. "Hiyo ya mwisho tu."