Wazo Lililomjia Kezia

Asubuhi moja ya soko, Kezia Mirumbe aliuchukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akauviringisha kwenye kipande cha kaniki, akampelekea Celestine, fundi wa kibanda cha pili. Alimwomba akae nao, na kila sare ya shule itakayohitaji kukatwa amkatie yeye. Kezia atashona tu. Celestine alilicheka ombi hilo, kwa maana hapo Uriri hakuna fundi aliyewahi hata kumwazima mwenzake mkasi bila kununa. Lakini alipomtazama usoni kicheko kilimkauka. Kezia alikuwa amesimama mbali na meza, mikono ameikunja na kuibana kwapani, kama mtu anayehofia isije ikamtoroka.

Hakumweleza sababu. Hakuwa amemweleza mtu yeyote.

Binti yake, Liz, alikuwa amezaliwa mwanzoni mwa masika, mtoto mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku moja Kezia alikuwa akikata kola huku mtoto amelala kwenye karai lililotandikwa kanga kando ya cherehani, na picha ikamjia ghafla, kamili, na rangi zake: mkasi ule ukishuka juu ya mtoto. Haikuwa ndoto, wala sauti. Ilikuwa picha, ikapita. Mtu mwingine angetikisa kichwa akaendelea na kola yake. Kezia aliuweka mkasi chini akajiuliza ni mama wa namna gani anayeweza kuona kitu kama hicho, na swali hilo ndilo lililoifungulia picha mlango wa kurudi.

Ikarudi. Ilimfuata jikoni alipokamata kisu, ikamfuata kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Kidogo kidogo alianza kuyapanga maisha yake ili asiachwe peke yake na Liz. Kisu akakipeleka kwa mama mkwe, sukumawiki akawa anaichanachana kwa vidole. Kuogesha akakuacha kabisa. Alinyonyesha mlango ukiwa wazi na mtu akiwa karibu, kisha akamkabidhi mtoto upesi. Na kila jioni alimuuliza mumewe swali lile lile: je, anadhani anaweza kumdhuru Liz? Jacktone, dereva wa trekta la miwa, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia hapana, akamwapia. Kezia alipata nafuu ya muda wa kunywa chai. Kabla kikombe hakijapoa, aliuliza tena.

Jacktone alikuwa Mjaluo wa hapo hapo Uriri, Kezia Mkuria wa upande wa Isebania, na tangu wachumbiane lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili. Mama yake Jacktone, Dolphine, aliyeishi boma hilo hilo, alipotaka kusema jambo ambalo mkwewe hakustahili kulisikia, alilisema kwa Kijaluo. Hakujua kwamba Kezia alikwisha kukielewa. Kwa hiyo Kezia alimsikia akiwaambia majirani kuwa mke wa mwanawe hampendi mtoto, hataki hata kumshika. Maneno hayo yalimchoma, lakini hakuyakanusha. Afadhali aonekane mama asiyependa kuliko kuonekana kile alichoamini kuwa yeye ndicho.

Kezia na mumewe wakaanza kutafuta msaada. Kanisani walimwekea mikono, wakaikemea roho ya giza, naye akaitikia amina hadi sauti ikampotea. Alirudi nyumbani na picha yake. Kisha Jacktone akampeleka kwenye kliniki moja ya binafsi mjini Migori. Mhudumu alimsikiliza nusu, na aliposikia habari ya kumwona mtoto akidhuriwa, aliinuka, akamwita Jacktone ndani na kumwonya asimwache mtoto na mama yake hata kidogo. Akatoa vidonge vya usingizi. Kezia alilala mchana kutwa, akaamka akaikuta picha ile ile ikimsubiri, ila sasa ilikuwa imepigwa mhuri wa kliniki.

Dolphine akamhamishia Liz nyumbani kwake. Mtoto aliletwa kunyonya, kisha akachukuliwa.

Ilikuwa alasiri, Kezia amekaa kizingitini, alipomsikia Liz akilia ng'ambo ya ua na maziwa yakamtiririka yakalowesha blauzi. Kwa mara ya kwanza tangu masika, kilichompanda hakikuwa hofu. Kilikuwa hasira. Kama ningetaka kumdhuru, alijiambia, ningeogopa nini? Mtu huogopa asichokitaka. Hakuwa na uhakika kama hoja hiyo ilikuwa ya kitabibu au ya kujifariji, lakini aliona kwamba mahali fulani lazima awepo mtu anayejua, na kwamba mtu huyo hatakuja Uriri kumtafuta Kezia Mirumbe.

Kesho yake alikwenda kituo cha afya ambako Liz alichanjwa. Alingoja mpaka akina mama wote wakaondoka, akamwendea muuguzi aliyeitwa Beverly na kumwambia kwamba anamtaka daktari wa akili, mtaalamu hasa, na kwamba hatamweleza mtu mwingine yeyote shida yake. Aliyasema hayo kwa sauti ya kuagiza kitambaa dukani. Beverly hakumdadisi. Alitoa simu, akapiga Homa Bay, akaongea kidogo, kisha akamwambia siku ya kliniki na mlango wa kuulizia.

Walikwenda watatu na mtoto, kwa sababu Dolphine alikataa kumwachilia Liz mikononi mwa mwingine. Daktari Nyarangi alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake nzito, miwani ameipandisha kwenye nywele. Aliwaacha wale wawili nje na Liz, akamkaribisha Kezia peke yake. Kezia alikuwa amejiandaa kuzungusha maneno, lakini alipoketi akaona hakuna haja. Akaisema picha yote, mkasi na kisu na beseni, akitazama sakafu.

Daktari hakuinuka. Aliuliza kama anasikia sauti zinazomwamuru, kama amewahi kulitamani jambo hilo, kama amewahi kutaka kujiua, kama analala. Aliuliza hufanya nini wazo linapokuja. Kezia akamweleza habari ya Celestine na mkasi, ya sukumawiki, ya swali la kila jioni. Daktari aliitika kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa njia anayoijua.

"Mawazo kama hayo huwajia wazazi wengi," alisema. "Huja yakapita. Lako limenasa kwa sababu unapigana nalo. Kila unachokificha, na kila unapouliza, unaliambia kwamba ni la kweli. Huu ni ugonjwa, Kezia. Una jina, na una tiba."

Akalitaja jina hilo kwa herufi zake za Kiingereza, akalieleza kwa Kiswahili: ugonjwa wa wazo linalong'ang'ania, na wa mambo mtu anayoyafanya ili kulifukuza. Kisha akaenda mlangoni, akamwomba Dolphine mtoto, akamweka Liz mapajani mwa Kezia. Alisema anataka kuzungumza nje na mume na mama mkwe.

Dolphine alisita. "Na mtoto?"

"Mtoto yuko na mama yake," daktari alisema, akaufunga mlango nyuma yake.

Kezia alibaki na binti yake katika chumba chenye meza, kiti na dirisha. Picha ilikuja. Ikaja tena, kali zaidi. Alitaka kuita. Hakuita. Liz alimshika sikio akalivuta kwa nguvu zote za mtoto aliyegundua kitu kipya, na Kezia akamwachia alivute. Daktari aliporudi hakuuliza kilichotokea. Alivuta kiti akaanza kumweleza kuhusu dawa.

Dawa hazikuwa na haraka. Na kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko dawa: arudishe mkasi, arudishe kisu, aogeshe mtoto, na wazo likija aliache lije. Celestine alimrudishia mkasi umenolewa. Siku ya kwanza kola zote zilikwenda upande, na Kezia alizifumua akakata nyingine.

Jambo zito zaidi lilikuwa lile swali. Jioni moja, baada ya chakula, lilimshinda.

"Jacktone, unadhani naweza kumdhuru?"

Mumewe alikuwa ameambiwa asijibu. Alisugua magoti yake kwa viganja. "Swali hilo sijibu tena."

"Mara hii tu."

"Nitakaa hapa na wewe mpaka likuishe. Lakini sijibu."

Kezia alimtukana kwa Kikuria, lugha ambayo Jacktone hakuielewa hata neno, akamtukana kwa kirefu na kwa ufundi. Jacktone alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama angependa chai. Hofu ilipanda, ikasimama, na baadaye, bila mtu kuiambia kitu, ikaanza kushuka.

Dolphine hakusema kamwe daktari alimwambia nini. Ila siku moja alipokuwa akimpa mkwewe kuni, alizungumza akitazama kwingine, kwa Kiswahili chake cha shida.

"Mimi pia, Jacktone alipokuwa mdogo, niliogopa moto. Nikikaa karibu na jiko naye, naona namwangusha ndani. Watu walisema mimi ni mvivu wa kupika."

"Ulimwambia nani, Mama?"

"Ningemwambia nani?"

Kezia akaziweka kuni chini, wakakaa pamoja wakipepeta mahindi. Liz alirudi kulala nyumbani kwa wazazi wake juma hilo.

Wazo halikwisha. Liliendelea kuja kama mgeni ambaye hakuna anayempikia; lilikaa kidogo, likaondoka. Kuna siku lilikaa sana, na Kezia akarudi Homa Bay kabla ya zamu yake, akajifunza upya jambo alilodhani amelijua.

Baada ya mavuno alitaka kumpelekea mama yake mjukuu, Isebania. Jacktone alisema angeomba ruhusa kazini ili wafuatane. Kezia akamwambia hapana, watakwenda wawili.

Mjini Migori alishuka garini kabla ya kituo, akaamua kuvuka daraja kwa miguu, Liz mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa umejaa, maji mekundu yakizunguka nguzo. Katikati ya daraja wazo likamjia: mtupe. Miguu ilitaka kukimbia. Kezia alisimama, akashika ukingo kwa mkono mmoja.

Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo kando yake. "Mama, Isebania twende?"

"Twende," Kezia alisema. "Lakini subiri kidogo, mtoto hajawahi kuona mto."

Alimfungua Liz mgongoni, akamleta kifuani, akamgeuza uso kuelekea maji. Akamtajia jina la mto kwa Kikuria, polepole. Liz aliyatazama maji kwa makini, mdomo wazi. Mwendeshaji alizima pikipiki, akaegemea usukani, akasubiri.