Jibu la Bibi Pil-nyeo

Kazi yangu ni kuuliza watu maoni nyumba kwa nyumba hapa Jecheon, Korea Kusini, na sheria yake inaniudhi mpaka leo: soma swali kama lilivyo, usifafanue, usibishane, weka alama, ondoka. Kama kasuku vile!

Bibi Pil-nyeo alinifungulia mlango mikono ikiwa myekundu kwa pilipili. Alikuwa akitengeneza kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha.

"Ingia, binti, utaganda hapo nje. Mbona umekonda hivyo, mumeo hakulishi?"

Nikacheka, nikamsomea swali. "Je, serikali iongeze, iache ulivyo, ipunguze au isitishe msaada kwa nchi maskini?"

"Isitishe!" Hakufikiri hata kidogo. "Msaada naujua mimi. Baada ya vita tulipangwa foleni ya maziwa ya unga, mzungu mmoja akanishika kidevu anipige picha, kamasi zinanitoka. Nilitamani ardhi inimeze. Leo tuwafanyie hivyo watoto wa wenzetu? Thubutu!"

Ukutani palikuwa na picha ya msichana mwenye sare ya uuguzi, kasimama na akina mama wajawazito mbele ya zahanati. Bibi akaniona naitazama.

"Huyo Sae-rom, mjukuu wangu. Anazalisha akina mama kule Laos. Serikali ndiyo iliyompeleka. Sisi tulisaidiwa, sasa tunarudisha."

Niliuma ulimi. Huo ndio msaada wenyewe, bibi! Lakini sheria ni sheria. Nikaweka alama kwenye "isitishe", na moyo haukutulia.

Akanifungashia kimchi kwenye bakuli lake. Kwetu humrudishii mtu bakuli tupu, kwa hiyo matokeo yalipotangazwa nililijaza keki za mchele, nikaenda.

Nilimkuta mbele ya televisheni, amefura. Mtangazaji alikuwa akisema wazee wengi wanataka msaada usitishwe, na serikali sasa inafikiria kufunga zahanati inazozifadhili nchi za nje. Ya Sae-rom ilitajwa.

"Umewasikia? Watu wazima, roho mbaya namna hiyo! Wamekunywa maziwa ya watu, leo wanataka kumfungia mjukuu wangu zahanati. Wewe si ndiye uliyewauliza? Hebu nitajie hata mmoja nikamzabe kibao!"

Nilisimama na bakuli lake mkononi. Ningeweza kusema siwakumbuki. Ila alikuwa akinitazama usoni, na kumdanganya nilishindwa.

"Ni wewe, bibi."

Kwanza akacheka. Kisha akageukia picha ukutani, akaketi sakafuni taratibu.

"Mimi nilichokataa ni ile foleni," akasema. "Habari za Sae-rom hukuniuliza."

"Hazikuwamo kwenye swali."

"Basi niulize sasa."

"Utafiti umeshafungwa, bibi."

"Nimesema niulize!"

Nikaweka bakuli chini, nikapiga magoti mbele yake. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliuliza swali langu mwenyewe: zahanati ya Sae-rom ibaki, au ifungwe?

"Ibaki," akasema. "Waongezewe na nyingine. Andika, binti."

Kalamu nilikuwa nayo. Pa kuliandika jibu lile hapakuwepo tena.