Chupa ya Saa Moja

Dobi alikuwa ameshaloweka shuka za nyumba ya wageni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, kijana mpima maji alipoinama mtoni kuchota sampuli kwa chupa yake. Saa moja kamili asubuhi, kama kila Jumatatu. Mto umetulia, mtu anaweza kuhesabu hata kokoto za chini.

"Mama Povu, njoo utie saini. Shahidi wa wakazi ni wewe."

"Naja, baba. Fomu haina miguu." Alijifuta mikono huku akicheka. Kazi yake aliipenda, na hata huyu kijana alimpenda kidogo: ana adabu, ila kwa kuwahi hajambo.

Kuwahi kwenyewe ndiko kulikomtia shaka. Mtambo wa kuchimba tope huwashwa saa tatu, kule juu kilipokuwa kiwanda cha ngozi. Kiwanda kilimwaga dawa zake mtoni miaka ishirini, zikazama topeni, zikalala. Sasa tope likikorogwa, zinaamka. Ikifika saa nne mto ni mweusi kama oili chafu, unanuka mayai viza, na nyumba arobaini za bondeni zinachota humo humo. Fomu lakini, wiki ya sita hii, inasema: maji salama, uchimbaji uendelee.

"Rudi uchote saa nne," dobi alisema.

"Ratiba inasema saa moja, mama."

"Loo! Hiyo si sawa na kumpima mtu ulevi kabla hajaenda kilabuni?"

"Usinitie matatani. Bila saini mtambo unasimama, bosi atanimeza mzimamzima."

"Nani kasema sisaini? Lete."

Aliandika jina lake polepole, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la nne, na pembeni akaongeza: *Saa moja asubuhi. Mtambo umelala.*

Kijana alisoma, akashusha pumzi. "Umeiharibu fomu."

"Kuna uongo humo?"

Alitoa fomu nyingine mkobani, akavuka uchochoro hadi kwa fundi cherehani, jirani aliyekuwa akisikiliza kila neno na pini kazibana mdomoni.

"Dada, weka saini hapa tu, uwe shahidi."

Fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, akapokea kalamu.

"Kwanza niambie, shemeji," alisema. "Sasa hivi ni saa ngapi?"