Doa la Chai

Kama hujawahi kuona mtu anayejiamini, ungemwona Kitsa wa Mususa amefungua ordinatere ya mtu, yaani kompyuta. Miwani kwenye ncha ya pua, mdomo umebinuka, kichwa kinatikisika polepole, na wewe mwenye mashini umesimama pale kama mgonjwa anayengoja kuambiwa atakufa lini. Alikuwa fundi mzuri, hilo hatumnyimi. Tena alikuwa mkubwa wa shirika, yaani wale Wakristo majirani wanaosali pamoja kila juma, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito mara mbili. Akisema karte ya mashini imekufa, imekufa. Akisema mtu amekosa, nani wewe wa kubisha?

Asubuhi moja ya mvua alikuwa na mashini ya Hippolyte mezani. Hippolyte ni mtu wa Kasai, serikali ndiyo ilimtuma Butembo kufanya kazi ya bureau, naye alikaa kwenye kiti cha plastiki akilalamikia baridi yetu. Mashini yake ilikataa kuwaka. Kitsa akapangusa vumbi kwa brashi, akainamia ile karte kubwa ya kijani inayobeba vitu vyote, na kosa akaliona mara moja: kikopo kimoja kilikuwa kimevimba kichwa. Vikopo hivyo mafundi wanaviita kondansatere. Vinashika umeme na kuutoa kidogo kidogo, na vikizeeka vinavimba. Dawa yake si siri. Unayeyusha bati chini yake, unakitoa, unachomoa kizima kwenye karte iliyokufa, unakiweka. Ila usikigeuze! Kikopo kina mstari mweupe upande wa minus, na pale kinaposimama pana duara dogo lililopakwa rangi nusu. Tangu ujana wake Kitsa alijua kwamba nusu yenye rangi ni minus. Mstari kwenye rangi, basi, umemaliza.

Akashika chuma cha moto. Halafu akakirudisha chini.

Vikopo vingine vyote kwenye karte ile havikuwa vimeguswa na mtu tangu kiwandani, na kila kimoja kilielekeza mstari wake mweupe kwenye nusu isiyo na rangi. Akaangalia hiki, akaangalia kile, akaleta kipimo chake cha umeme akapima. Ni kweli. Waliotengeneza karte ya namna hii walipaka rangi upande wa plus.

"Fundi, iko nini?" Hippolyte akauliza. "Sura yako imebadilika."

"Hapana kitu," akajibu Kitsa. Lakini jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote ile, kwa sababu karte ya namna hii alishaitengeneza mara moja tu, na alikumbuka ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya shule ya msingi pale mtaani kwetu Mususa, na Godelive, mjane, ndiye alikuwa mwandishi wa shule. Mashini ilikufa, Kitsa akabadilisha kikopo kimoja, ikawaka, akasifiwa. Baada ya majuma machache ikazimika tena, safari hii na pointi zote za watoto ndani, wazazi wakiwa wanangoja bulletin, zile karatasi za matokeo. Mkubwa wa shule akamwita Kitsa aifungue mbele ya komite ya wazazi. Ndani kulikuwa na doa la kahawia, limekauka, limeteremka juu ya karte. Kila mtu alijua kwamba Godelive anakunywa chai ya maziwa kwenye meza yake. Kitsa akanusa, akavua miwani, akasema neno moja: "Chai."

"Papa Kitsa, miye sikumwaga chai," Godelive akasema.

"Mama, karte haisemake bongo," akajibu fundi wetu, na komite ikacheka.

Karte haikusema uongo. Msemaji ndiye alisema. Kikopo kilichowekwa kinyume kinavumilia majuma kadhaa, halafu kinapasuka na kutapika maji yake ya kahawia. Na tuseme ukweli wote: siku ile Kitsa aliponusa, pua yake ilisikia harufu ya samaki aliyeoza. Chai gani inanuka samaki? Alisikia, akasita kidogo, akajiambia ni maziwa yamechacha, akasema alichosema. Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona akageuza macho.

Godelive akafukuzwa kazi. Kwenye shirika Kitsa akafundisha jioni nzima juu ya watu wasiokubali makosa yao, bila kutaja jina, na macho yote yakamwendea mwenye jina. Mwishowe mwanamke akachoka. Akaja na kuku mkononi, akapiga magoti katikati ya watu, akasema, "Munisamehe, ni miye." Kitsa akamsimamisha kwa mikono yake mwenyewe, akasamehe, watu wakaimba. Yule kuku alimla, tena na ugali. Godelive akahamia Beni, kwa kaka yake huko Mulekera, na hakuonekana tena.

Basi Kitsa akatengeneza mashini ya Hippolyte, mstari mweupe ukaelekea panapotakiwa, ikawaka. Hippolyte akafurahi kama mtoto. "Weye kweli mukubwa ya bafundi!" akasema, na sifa hiyo ilimchoma Kitsa kuliko tusi.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Alijaribu, masikini. Lakini chakula kilimkataa, sala ilimkataa, na kila aliyemsalimia njiani, "Papa Kitsa, habari?", alimwona kama anamdhihaki. Haya ilimshika mpaka akawa anapita nyuma ya nyumba za watu. Mwishowe akapanda pikipiki, akashika barabara ya Beni.

Alimkuta Godelive nyuma ya nyumba ya kaka yake, anaambua maharagi. Alikuwa amekonda. Hakuonyesha kushangaa, alimsogezea kigoda, kama anavyofanyiwa mgeni. Kitsa hakukaa. Akamwambia yote akiwa amesimama: kikopo, rangi, samaki. Mikono ya Godelive iliendelea na maharagi mpaka aliposikia neno samaki, ndipo ikatulia.

"Nilishaungama," akasema.

"Uliungama nini, mama?"

"Ile chai. Kwa padiri. Mulisema sana, Papa Kitsa, mpaka na miye nikaiona. Nikifunga macho naona kikombe inaanguka, naona na mukono yangu. Nilishaambia hata kaka yangu: ni kweli, ni miye." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Sasa ile zambi yenye niliungama, iko ya nani?"

Kitsa alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni yangu," akasema.

"Basi hapana kunipa kitu. Unirudishie jina yangu tu. Useme mule shirikani mwenye ulinisemea, na miye nikuwe pale, nisikie na masikio yangu."

Akakubali. Angekataaje?

Siku ya shirika nyumba ilijaa. Godelive alikaa karibu na mlango, begi lake magotini, na watu walimsalimia kwa ile heshima ya pembeni wanayopewa wenye madhambi yanayojulikana. Kitsa akasimama. Alisema, na alisema vizuri. "Haikukuwa chai. Ni miye niligeuza kikopo, miye mwenyewe. Ile siku nilisikia harufu ya samaki, nikanyamaza, nikabebesha huyu mama kosa yangu. Na kuku yake nilikula."

Kitsa aliinamisha kichwa, akangoja wamzomee. Aliwahitaji wamzomee.

Mama Jokébed, mwimbishaji, ndiye aliyesimama kwanza, machozi yanamtoka. "Ee Nyamuhanga, Mungu wetu! Munaona unyenyekevu? Mutu mukubwa kama huyu kujishusha mbele ya batu!" Akapiga makofi, na nyumba nzima ikapiga makofi. Mzee Syauswa akamkumbatia Kitsa. Wimbo ukaanza, wengine wakija kumshika mkono.

"Hapana, munisikilize," Kitsa akasema. "Ni Godelive njo mwenye kuombwa—"

"Acha, Papa, inatosha, Mungu amesikia!" wakamjibu, na wimbo ukapanda.

Katika shangwe ile hakuna aliyemwendea Godelive kumwambia pole. Mwishowe Mama Jokébed akamkumbuka, akamshika bega kwa upole. "Binti yangu, uende umushukuru Papa Kitsa. Ni bangapi bangefanya hivi?"

"Nimushukuru?" Godelive akauliza.

Akatazama nyumba yote, uso kwa uso, kama anayetafuta mmoja tu. Halafu akasimama, akafunga kitenge chake, akachukua begi, akatoka kutafuta pikipiki ya kumrudisha Beni.

"Munaona?" Mzee Syauswa akasema, akitikisa kichwa. "Batu banamuomba musamaha, yee anatoka. Ile roho ngumu haijaisha. Na chai, kweli, alikuwaka anakunywa pale mezani."

Wengi wakaguna kukubali. Kitsa alisikia kila neno, na mkono wake ulikuwa bado ndani ya mikono ya watu wanaompongeza.