Mbio Nne za Baba Tunu

Usiku wa kuamkia leo niliota tumekaa kikao cha familia: mimi, mume wangu, binti yetu Tunu wa miezi saba, na kalenda ya ukutani. Kalenda ndiyo ilikuwa mwenyekiti.

Tulikuwa tunapanga msimu wa mbio za baiskeli za milimani, zile za kupanda na kushuka saa sita mfululizo. Kabla hatujaoana nilishindana na mume wangu mara tatu, na mara zote alifika nimeshaoga. Siku hizi yeye anashindana, mimi namshikia taulo.

"Baba Tunu ana Machi, Mei, Julai na Oktoba," kalenda inasoma. "Mama Tunu ana chanjo ya surua."

"Nataka mbio moja," nasema.

"Kanuni ni namba moja ya mashindano kwa kila kaya."

Mume wangu ananitazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Mwakani, Mama Tunu."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Ndiyo. Nilisema mwakani."

Mara sebule ni kliniki ya watoto. Baiskeli yake inaning'inia kwenye mzani, imevaa kofia ya sufu niliyomfumia Tunu. Muuguzi ni pampu ya upepo. Kila sentensi anaitoa kwa kuinama na kuinuka.

"Imeongezeka robo kilo," anasema. "Inatunzwa."

"Baba Tunu anaipaka mafuta kila jioni."

"Na wewe?"

"Mimi najipaka mwenyewe."

Anaandika kwenye kadi. Nafungua mlango nitoke, na nje ni msitu wa Magamba, waendeshaji wamejipanga kwenye mstari. Pampu ananifuata mbio.

"Huwezi kuondoka. Kituo cha chakula lazima kiwe na mnyonyeshaji."

"Kanuni inasema mama?"

Anaisoma mara mbili. "Inasema mzazi."

Nabandua namba mgongoni kwa mume wangu. Habishi. Anakaa juu ya jiwe, anafungua vifungo vya shati, anampokea mtoto. Tunu ananyonya.

Naendesha. Mlima wa kwanza nawapita wanaume thelathini. Mzunguko wa pili naongoza, napita pale kwenye jiwe, na mtoto hanigeukii hata shingo.

"Anashiba?" nauliza bila kushuka.

"Anashiba. Mbona kumbe ni mtulivu hivi?"

Kwangu hajawahi kutulia. Mstari wa kumalizia nauona, hakuna mtu mbele yangu, nami nafunga breki.

Niliamka saa moja asubuhi, jua limeingia chumbani. Tangu Tunu azaliwe sijawahi kulala hadi muda huo. Alikuwa amelala juu ya kifua cha baba yake, mdomo wazi.

"Usiku hakulia?" nilimuuliza mume wangu.

"Sijui. Kifua kinaniuma."

Fulana yake ilikuwa imelowa mahali pawili.

Nilimchukua mwanangu nikampa titi. Aligeuza uso, akacheua.